Mdahalo Kuhusu Daraja la Lukunde

Msomaji asijisumbue kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Ramani zake huchorwa na watu waliosoma shule moja, na katika shule hiyo ilihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu kuonyesha mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo majangwa yake yana miti, mabonde yake yana reli, na pale mchoraji alipokosa la kuchora ameandika kwa herufi kubwa neno USTAWI. Niliyoyaandika hapa yalitokea huko. Kwetu mambo ni mengine, kama kila mtu ajuavyo.

Shule yenyewe inaitwa Matindoni. Ni shule ya bweni ya wavulana, iliyojengwa kwa mawe juu ya kilima chenye baridi kali, na mtu aliyeoga maji yake alfajiri hatetemeki tena mbele ya jambo lolote. Nilisoma huko, na sioni haya kusema kwamba kila kilicho imara ndani yangu nilipewa na kengele ile. Tulifundishwa kukunja shuka kwa pembe nne, kunywa uji bila kuuliza, na kusimama wima mtu mkubwa apitapo. Tulifundishwa pia mila mbili ambazo baadaye ziligeuka kuwa katiba ya nchi, na asiyezijua mila hizo hataelewa lolote katika yanayofuata.

Mila ya kwanza ilikuwa mdahalo wa Ijumaa. Hoja iliyopitishwa na wengi katika ukumbi wa chakula ilikuwa kweli, na iliendelea kuwa kweli hadi ivunjwe na mdahalo mwingine. Muhula mmoja tulipitisha kwamba maharage yetu hayana wadudu. Tangu siku ile wapishi hawakuchambua tena maharage, na mwanafunzi aliyeonekana akitoa kitu kwenye sahani yake na kukiweka pembeni alipewa adhabu ya kufyeka nyasi. Si kwa sababu ya mdudu, ambaye hakuwepo, bali kwa kubishana na ukumbi nje ya muda wa mjadala. Hoja ile haijavunjwa hadi leo.

Mila ya pili ilihusu kuitwa majina. Kila alfajiri tulipanga mstari mbele ya bweni, na kiranja akaita. Jina likiitwa na mwenyewe asiitike, mwenzake aliyesimama jirani na nafasi yake aliitika kwa sauti kavu: "Yupo." Huenda mwenzetu alikuwa mgonjwa, huenda alikuwa kijijini akinunua ndizi, huenda alikuwa ametoroka kabisa, hilo halikutuhusu. Hakuna mwana wa Matindoni aliyemwacha mwenzake aandikwe kuwa hayupo. Wageni huuita uongo. Sisi tuliuita udugu. Kulikuwa na mvulana aitwaye Methodi Kasuku, aliyeondoka shuleni akiwa kidato cha pili akaenda asikojulikana, nasi tukaendelea kumwitikia kwa uaminifu hadi akafika kidato cha nne na kuchaguliwa kiranja wa usafi. Hatukupata kuwa na kiranja mpole kama yule. Leo Mheshimiwa Kasuku ni Naibu Waziri wa Maji, na husifiwa na pande zote kwa kutosema ovyo.

*

Wana wa Matindoni walipokabidhiwa nchi, waliiongoza kama walivyolelewa. Mkuu wa nchi huitwa Kiranja Mkuu. Bunge liligeuzwa kuwa Baraza la Hoja, nalo hukutana Ijumaa, na kengele ya shaba hupigwa msemaji akizidisha muda wake. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kumbukumbu za Baraza, na ndiyo maana ninaweza kuyaeleza mambo haya kwa utulivu. Mtu anayeandika kila kinachosemwa hapati nafasi ya kushangaa.

Zipo wizara za kawaida, lakini iliyo juu ya zote ni Wizara ya Uwepo, ambayo kazi yake ni kuthibitisha nini kipo. Waziri wake kwa muda mrefu amekuwa Mheshimiwa Pankrasi Mzubulo, mtu mzito wa sauti na mwepesi wa machozi, aliyekuwa bingwa wa mdahalo enzi zetu. Fundisho lake ni fupi: chochote kinachoweza kutajwa kwa jina kipo, maana kisingekuwepo, jina lake lingekuwa limeshika nini? Wafuasi wake huitwa Wathibitishaji. Wanaokaa upande wa pili wa ukumbi huitwa Wapuuzaji, nao huongozwa na Profesa Hilali Mwinyikombo, mtu mwembamba, safi, mwenye tabasamu la kuwahurumia wengine. Profesa hasemi kwamba vitu havipo. Yeye husema kwamba swali la kama kitu kipo au hakipo halina maana yoyote, kwamba ni mlio wa koo tu, na kwamba taifa makini haliwezi kukaa likijadili milio.

Ukumbini kulikuwa na hoja ya kudumu: Baraza hili linaamini kwamba uhalisia una maana. Ilianza kujadiliwa kabla ya vijana wa sasa kuzaliwa, na kila Ijumaa ilikwama kwa kura chache. Alasiri moja ya mawingu mazito umeme ulikatika tukiwa katikati ya mjadala, na ukumbi, ambao hauna madirisha ili wajumbe wasivutwe na mambo ya nje, ukawa giza totoro. Waziri alisimama gizani akathibitisha kwamba mwanga upo. Profesa alisimama gizani akaeleza kwamba suala la mwanga halina maana. Waliendelea hivyo hadi mwisho wa kikao, kila upande ukipiga makofi pale ulipodhani panastahili, nami nikaandika bila kuiona karatasi. Kumbukumbu za siku ile zinasomeka vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

*

Masika yalipofika, Mto Lukunde ulifurika ukalichukua Daraja la Lukunde.

Ng'ambo ya mto huo kuna shule ya kutwa, na mwalimu mkuu wake alikuwa Bi Sikitu Nandonde, mwanamke mfupi aliyezoea kusema na watoto wa nyuma ya darasa bila kuinua sauti. Wanafunzi wake wa kidato cha nne walikuwa wamekaribia mtihani wa taifa, na ukumbi wa mtihani uko upande wa huku, mjini. Mitumbwi ilikuwepo, na wenye mitumbwi walikuwa tayari. Lakini sheria hukataza mtumbwi kuvusha watu palipo na daraja, kwa kuwa anayepita majini chini ya daraja la serikali anatoa ushahidi wa uongo kwa mwili wake. Bi Sikitu alitaka moja kati ya mambo mawili: ama mitihani ipelekwe shuleni kwake, ama mitumbwi iruhusiwe. Kwa lolote kati ya hayo, ilimpasa kwanza apate kauli ya serikali kwamba daraja halipo.

Alifika mji mkuu kwa kuzungukia nchi jirani, ambako madaraja hayajadiliwi, kwa nauli ambayo darasa zima lisingeimudu. Nilikuwa ofisini kwa Waziri alipopokewa, nami nayaandika maneno yao kama yalivyotoka.

"Daraja lipi hilo, Mwalimu?" aliuliza Waziri baada ya salamu na chai.

"Daraja la Lukunde, Mheshimiwa."

"Kumbe unalifahamu."

"Nimelipita tangu nikiwa msichana."

"Nami nimekuelewa papo hapo, bila kukuuliza linafananaje. Sasa kitu ambacho wewe unakifahamu, unakitaja kwa jina, nami ninakielewa, utasemaje hakipo? Hicho kisichokuwepo ni kipi?"

"Ni daraja."

"Basi lipo," alisema Waziri kwa upole, akamsogezea sahani ya biskuti.

Bi Sikitu aliitazama sahani, hakuchukua. "Mheshimiwa, juzi nilipika wali, wageni wakaumaliza. Nikisimama jikoni nikautaja, sufuria itajaa?"

Waziri alicheka kwa dhati. Alisema kwamba suala la wali liko chini ya wizara nyingine.

Kutoka hapo mama yule, nami nikiwa nyuma yake na daftari langu, alikwenda kwa Profesa Mwinyikombo, kwa kuwa mtu fulani alimnong'oneza kwamba Profesa hapatani na Waziri. Profesa alimpokea kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si la kawaida katika nchi ile. Kisha akamwambia kwamba Waziri amekosea sana kusema daraja lipo. Uso wa Bi Sikitu ulifunguka. Profesa akaendelea kusema kwamba naye Bi Sikitu amekosea vilevile kusema daraja halipo. Kwamba kauli zote mbili ni tupu, na kwamba mtu akishalielewa hilo moyo wake hutulia, wala hahitaji tena kwenda ng'ambo wala kurudi.

"Na maji je, Profesa?" aliuliza Bi Sikitu. "Nayo hayana maana?"

"Ukiyachunguza kwa makini, Mwalimu, hayana."

"Sijui kama yana maana. Yana kina."

Profesa alitabasamu, akaniomba nisiliandike hilo. Nimeliandika.

*

Kiranja Mkuu aliposikia kwamba mwananchi amezunguka nchi nzima ya jirani kwa ajili ya neno moja, aliamuru pafanyike mdahalo. Hoja ilisomeka hivi: Baraza hili linaamini kwamba Daraja la Lukunde halipo.

Kwanza alitumwa Mkaguzi wa Uwepo kwenda kuona kwa macho, kwani nchi ile haina pupa. Mkaguzi alirudi na taarifa iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Alikuta daraja upande wa huku, akaligusa. Kwa darubini aliona daraja upande wa kule. Katikati ya sehemu hizo mbili aliona maji. Wajumbe walimtaka aeleze, katikati hapo, ni kitu gani hasa alichokikagua ambacho hakikuwepo: rangi yake, urefu wake, na kama kilikuwa cha chuma au cha mbao. Mkaguzi, ambaye ni mtu mkweli, alisema hakuweza kukikagua. Baraza likaridhia kwamba daraja lipo katika pande zote zilizokaguliwa, na kwamba sehemu ya katikati ukaguzi wake haujakamilika.

Hakuna mjumbe aliyejitokeza kuitetea hoja. Kwa kanuni za Matindoni, hoja isiyo na mtetezi hupangiwa, nayo ikapangiwa Profesa. Alisimama akasema anaiunga mkono kwa moyo wake wote kwa sababu haina maana, na kuipinga kungekuwa kuipa uzito. Akaketi. Wapuuzaji walipiga meza.

Ndipo Waziri Mzubulo aliposimama kupinga. Nimesikia hotuba zake nyingi, na mkono wangu huanza kuchoka kabla hajafungua kinywa, lakini hii naomba niinukuu.

"Waheshimiwa," alisema, "wageni waliotutawala walisema hatuna historia. Tukanyamaza. Wakasema hatuna falsafa. Tukanyamaza. Leo, mchana kweupe, ndani ya ukumbi huu, tunaambiwa kwamba hatuna daraja. Kesho tutaambiwa hatuna mto. Keshokutwa tutaambiwa hatuna ng'ambo, na siku hiyo, waheshimiwa, hata upande huu tuliosimama tutakuwa hatuna, kwa sababu upande mmoja peke yake si upande."

Machozi yalimtoka. Watu wengi walilia, na baadhi yao walikuwa ni wa upande wa pili.

Kwa kuwa muda ulibaki kidogo, Kiranja Mkuu alimruhusu Bi Sikitu aseme neno. Alisimama pale chini, mbele ya meza yangu, mikono ameiweka mgongoni kama anayesimamia darasa.

"Mimi siyajui mengi ya humu," alisema. "Nina binti darasani kwangu, anaitwa Zawena Likoma. Baba yake alitaka aolewe, akakataa. Akauza maandazi, akalipa karo mwenyewe. Amesoma miaka yake yote ili siku moja mtu asiyemjua amuulize swali, naye ajibu, na aambiwe amepata au amekosa. Sijaja kuomba daraja, waheshimiwa. Nataka watoto wangu waulizwe. Mkisema halipo, wataulizwa. Ni neno moja tu, halina hata..."

Kengele ilipigwa.

Hoja ilianguka. Daraja la Lukunde likawa lipo hadi mdahalo mwingine, mitumbwi ikabaki marufuku, na Kiranja Mkuu akamshukuru Bi Sikitu kwa mchango wake wa kinadharia. Alimtakia pia safari njema, akamshauri apitie darajani kwa kuwa ndiyo njia fupi.

*

Siku ya mtihani mvua ilikuwa imekatika lakini mto haukuwa umepungua. Waziri Mzubulo alikwenda mwenyewe mjini Lukunde kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa, na Profesa alikwenda kuonyesha kwamba hakuna cha kuonyeshwa. Mimi nilikwenda kuandika.

Ukumbi wa mtihani uko juu ya ukingo, una madirisha makubwa. Madawati yalikuwa yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila dawati na kalamu yake. Kupitia madirishani uliuona mto, mwekundu kwa udongo, ukibeba vigogo. Na ng'ambo ya mto, juu ya nyasi, walisimama watu waliovaa mashati meupe, wamejipanga mstari. Mbele yao alikuwepo mtu mfupi. Walikuwa wamefika alfajiri na mapema, wakitumaini kwamba tukiwaona kwa macho yetu tutasema lile neno.

Msimamizi wa mtihani alikuwa mwana wa Matindoni, aliyekuwa madarasa machache nyuma yetu. Alivaa miwani, akasafisha koo, akaanza kuita majina mbele ya madawati matupu. Aliita jina la kwanza. Kimya. Kalamu yake ilining'inia juu ya karatasi, kwani hakufundishwa la kufanya katika hali kama hiyo. Aliliita tena. Mto ulikuwa ukivuma.

Nilikuwa nimesimama kando ya Waziri, na niliona jinsi mwili wake ulivyonyooka. Mabega yalirudi nyuma, kidevu kikapanda, vidole vikashika mishono ya suruali. Jina lilikuwa limeitwa na mwenyewe hakuitika, na jirani yake wa karibu kabisa alikuwa ni yeye. Nadhani hakuamua, nadhani baridi ya kile kilima ndiyo iliyoamua.

"Yupo," aliitika Waziri.

Msimamizi alishusha pumzi, akaandika. Akaita jina la pili.

"Yupo."

Akaendelea hivyo dawati hadi dawati, na machozi yakimtiririka, kwa maana alikuwa akiwapenda watoto wale kwa upendo wa kweli, upendo tuliofundishwa. Alipofika katikati ya orodha sauti ilimkauka. Msimamizi aliita: "Zawena Likoma." Waziri alifungua kinywa, haikutoka sauti. Kimya kikarudi. Na katika kimya hicho, kutoka upande wa pili wa mlango, aliitika Profesa Hilali Mwinyikombo, mtu aliyekuwa amefundisha maisha yake yote kwamba neno hilo halina maana.

"Yupo," alisema.

Waliangaliana. Waziri alivuka ukumbi akamshika mkono. Ugomvi uliokuwa umeigawa nchi kwa kizazi kizima uliishia pale, mbele ya madawati matupu, nao wakamalizia majina yaliyobaki kwa zamu, kama ndugu. Karatasi za maswali ziligawiwa. Muda ulipokwisha zilikusanywa. Nilipotazama tena nje, mashati meupe yalikuwa bado yamesimama, na mtu mfupi alikuwa akipita mbele yao akisema nao mmoja mmoja.

*

Usahihishaji ulileta ugumu kidogo. Karatasi zilikuwa nyeupe, na kanuni haziruhusu msahihishaji kuandika kwamba hakuna jibu, kwa kuwa jibu lisilokuwepo haliwezi kukaguliwa. Walizigeuza mbele na nyuma, wakazielekeza kwenye mwanga. Mwishowe mkuu wao alitangaza kwamba amezipitia zote kwa haki, na hakuona ndani yake kosa hata moja. Shule ya Bi Sikitu ikaongoza taifa.

Sherehe ilifanyika ukingoni mwa mto, upande wa huku. Mwalimu na wanafunzi wake waliletwa kwa basi la serikali kwa kuzungukia nchi jirani, na dereva alionywa asiulize kwa nini. Kulikuwa na bendi, mahema, na soda. Waziri na Profesa waliketi kwenye sofa moja. Walitoa tamko la pamoja kwamba uhalisia una maana pale unapoitikiwa.

Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la aliyeshinda wote, mwenye cheti cha daraja la kwanza na nafasi katika Chuo cha Uhandisi kwa gharama ya serikali. "Zawena Likoma," alisoma mshereheshaji.

Binti alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu, mrefu, shati lake limepigwa pasi ya mkaa. Hakuitika wala hakusogea. Waziri, kwa mazoea, alinyanyua kichwa kutoka kwenye soda yake.

"Yupo," alisema.

"Siku ile sikuwepo," alisema Zawena. Hakusema kwa ukali. "Mheshimiwa, nilikuwa ng'ambo ile pale. Tulikuwa tunakuoneni mkiongea madirishani. Hayo maswali mimi hata sijayasoma."

Bendi, ambayo haikuwa imeambiwa la kupiga, haikupiga. Nilimtazama Bi Sikitu. Alikuwa ameweka mikono mgongoni, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kidogo, ama kwa hofu au kwa fahari, sikuweza kuthibitisha.

Baraza lilikaa Ijumaa iliyofuata likatoa uamuzi wa busara. Zawena Likoma aliyefaulu alikuwa ametajwa, ameitikiwa, na ameandikwa. Kwa hiyo yupo. Msichana yule aliyesimama ukingoni akikana alikuwa amekana mwenyewe, kwa kinywa chake. Kwa hiyo ni mtu mwingine, ambaye jina lake halijawasilishwa. Aliyefaulu angekwenda chuoni. Mwingine asingeweza kufanya mtihani tena, maana jina analodai ni lake lilikuwa tayari limefaulu. Bi Sikitu aliondolewa kazini kwa kufundisha ukanushaji, ingawa kwa mujibu wa mila bado huitikiwa kila asubuhi katika mkutano wa walimu.

Huko chuoni Zawena Likoma aliendelea vizuri. Wenzake wa darasa walikuwa wana wa Matindoni, na hawakumwangusha hata siku moja. Alihitimu kwa sifa, akaajiriwa wizarani, na michoro yake ilisifiwa kwa kutokuwa na makosa.

*

Mwaka jana nilitumwa Lukunde kuandika kumbukumbu za ufunguzi wa daraja jipya. Nilikuwa mzee tayari, na miguu yangu haipendi tena mawe. Waziri na Profesa walikata utepe, Naibu Waziri wa Maji akaitwa kutoa neno la shukrani, akaitikiwa, watu wakapiga makofi. Kwenye nguzo ya upande wa huku palikuwa na bamba la shaba lenye maandishi: Limesanifiwa na Mhandisi Zawena Likoma. Niliambiwa kwamba upande wa kule kuna bamba jingine, nalo pia linapaswa kunakiliwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka. Kumbukumbu zangu hazijawahi kukosa mstari, nami nikashuka kuelekea majini.

Chini ukingoni alikuwepo mwanamke mmoja na mtumbwi, khanga ameifunga kiunoni, akimwaga maji nje kwa kopo.

"Shikamoo, mzee. Unavuka?"

"Marahaba. Ninavuka. Lakini si mitumbwi imekatazwa? Kuna daraja."

"Lipo, mzee. Panda."

Nilimtambua kwa urefu wake tulipokuwa tumekwisha kuondoka ukingoni. Alipiga kasia kwa utulivu, akielekeza chombo juu kidogo ya mkondo. Nilimuuliza, kwa namna ya mtu anayepitisha muda, kama aliwahi kufanya mtihani wowote. Alisema ndiyo. Baada ya siku ile ya basi na bendi, Bi Sikitu aliwarudisha shuleni, akawaketisha wote, akaandika maswali ubaoni, akakaa mlangoni kuwasimamia, kisha akasahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Ulipata ngapi?"

"Nilikosa la nne," alisema. "Nilichanganya mito na vijito vyake. Mwalimu aliniwekea mkasi wa kosa, mkubwa hivi, karatasi ikatoboka." Aliacha kasia kidogo ili anionyeshe kwa mikono ukubwa wa ule mkasi, na uso wake ulikuwa na fahari ambayo sikuwahi kuiona Matindoni, hata kwa bingwa wa mdahalo.

Tulikuwa tumefika katikati ya mto, pale ambapo ukaguzi wake haujakamilika. Juu yetu kulikuwa na mbingu, na ndege mmoja.

"Inama, mzee," alisema Zawena Likoma bila kucheka. "Tunapita chini ya daraja."

Nami, mwana wa Matindoni, niliinama.